Fundi Peres na Pampu ya Kamgero

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani na dakika tano za kuongea. Saa inatembea vizuri. Dakika hazikutosha, maana mgeni wa heshima alikuwa ameshakula zake kumi na zangu tatu, na wali ulikuwa unapoa. Kwa hivyo nimekaa mezani kuandika niliyotaka kuwaambia, hasa ninyi wasichana watatu mlioingia karakana mwaka huu mkakuta buti za saizi yenu zipo, choo chenu kipo, na hakuna mtu wa kuwauliza mlangoni mmekuja kumwona nani. Vyeo na mishahara sitavitaja. Hivyo viko kwenye faili, na faili haisahau. Nitawaambia habari za pampu, na habari za mwanamke mmoja aliyeitwa Peres.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa na cheti cha ufundi bomba kutoka chuo cha ufundi cha vijana, na viatu vya kanisani kwa sababu sikuwa na vingine. Mradi wetu ulikuwa unaweka pampu za mkono vijijini, kuanzia nyanda za Kano hadi Seme na Asembo kando ya ziwa. Mwenye stoo aliponiona getini alinyoosha kidole.

"Mashine ya taip iko jengo lile la pili, mama."

"Mimi ni fundi bomba," nikasema.

Akachukua cheti changu, akakisoma mbele, akakigeuza akasoma nyuma ambako hapakuwa na kitu. Kisha akaingia ndani, akanitolea ovaroli moja kubwa na buti za wanaume namba tisa. Miguu yangu ni namba tano. Niliziba pengo kwa magazeti, nikatembea hivyo miezi saba. Sidhani kama kulikuwa na mfanyakazi mwingine aliyekuwa karibu na habari za nchi kuliko mimi.

Nilipangiwa kazi chini ya Mzee Gathogo. Alikuwa mtu wa Murang'a, aliyekuja Kisumu ujanani kufungua duka la vipuri vya baiskeli. Duka lilikufa, ufundi ukabaki. Alikuwa ameishi kwetu zaidi ya miaka ishirini na Dholuo yake haikupita salamu, kwa hivyo sisi wawili tuliongea Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Hakufurahi kupewa msichana. Hakuficha. Lakini alikuwa na tabia moja nzuri: hakuweza kuona mtu akishika spana vibaya akanyamaza. Kwa hivyo alinifundisha bila kukusudia.

"Hesabu nati kabla ya kufungua," alikuwa akisema. "Na kila kitu kikitoka, kilaze kwa gunia safi, kimoja nyuma ya kingine. Ukitaka kufunga, unarudi nyuma tu. Hata mtu hajasoma anaweza."

Sentensi hiyo ya mwisho aliitoa kama mzaha. Mimi niliishika.

Pampu za wakati huo zilikuwa nzito kama dhambi. Kubadilisha kipande cha mpira kisichozidi kiganja, ilibidi tusimamishe mihimili mitatu juu ya kisima, tufunge mnyororo, na wanaume wanane wavute bomba zima la chuma kutoka ardhini. Gari letu la kazi lilikuwa moja na vijiji ni vingi. Pampu ikifa, watu walirudi ziwani miezi miwili, mitatu, na kipindupindu kikawafuata huko huko.

Kisha, katikati ya miaka ya themanini, ikaja pampu mpya. Nakumbuka tulivyofungua sanduku la kwanza uani. Bomba lilikuwa la plastiki. Vyuma vya ndani vilikuwa vyembamba, vya mita tatu tatu, na ncha zake zilishikana kwa kulabu bila nati hata moja. Spana moja ilifungua kila kitu. Na bomba halikuvutwa tena: ulifungua kichwa cha pampu, ukavuta vyuma vya ndani kwa mkono, kimoja kimoja, hadi mpira ukatokea. Mzee Gathogo alivuta, akarudisha, akavuta tena. Mimi nikaomba nijaribu. Nilivuta vyuma vyote kumi peke yangu, nikavilaza juu ya gunia, nikavirudisha. Nilipomaliza moyo ulikuwa unanidunda, na si kwa kuchoka. Nilikuwa nimeona kwamba kazi ya wanaume wanane sasa ni kazi ya mwanamke mmoja mwenye mikono safi.

Wakubwa waliona pia, ila waliona nusu tu. Waliamua kila kijiji kichague watu wawili wafundishwe kuangalia pampu yao. Vijiji vikachagua vijana wa kiume. Tuliwafundisha wiki moja, tukawapa vyeti. Na kijana wa miaka ishirini ukimpa cheti, unafikiri atakaa kijijini kulinda pampu? Wakaenda Nairobi, wakaenda Mombasa, wakaenda viwanda vya sukari. Kwa miaka miwili tulikuwa kiwanda cha kutengeneza mafundi wa kuhama.

Hapo ndipo nilipokutana na Peres Adoyo.

Nilikuwa nimetumwa Kamgero, kijiji kidogo kando ya ziwa upande wa Seme, kukagua pampu iliyokuwa bado nzima. Nilikuta wanawake wamepanga foleni. Mmoja, mrefu, mwembamba, wa miaka thelathini na kitu, hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa ameinamisha kichwa karibu na pampu kama mtu anayesikiliza mtoto akipumua.

"Dada," akaniambia, "hii imeanza kukohoa juzi. Wiki ijayo itakufa."

Tuliongea Dholuo, maneno yetu nayaweka hapa kwa Kiswahili. Nikamuuliza anajuaje.

"Ile ya kwanza ilikohoa hivi hivi siku nane. Na mkono wake umekuwa mwepesi unapoushusha. Kuna kitu kimeliwa huko chini."

Nilifungua. Mpira ulikuwa umeliwa upande mmoja. Fundi wetu yeyote angesubiri maji yakatike ndipo ajue, na huyu alikuwa amelitambua tatizo kwa sikio na kiganja, kwa sababu alishika mkono wa pampu ile asubuhi na jioni kila siku ya Mungu. Nilirudi Kisumu nikiwa siwezi kukaa kwenye kiti. Nilimwambia Mzee Gathogo kwamba tumekuwa tukifundisha watu wasiochota maji.

"Jaribu mmoja," akasema. "Akishindwa, usiniletee mwingine. Akiweza, usiseme nilikataa."

Mwenyekiti wa kamati ya maji ya Kamgero alikuwa Mzee Otiato, karani mstaafu, mtu wa koti na kalamu mfukoni. Alikuwa pia kaka mkubwa wa Okeyo, mume wa Peres. Nilipoleta ombi langu alisema kwa upole kwamba kwa mila zetu mwanamke hapandi paa la nyumba, na kisima ni kama paa lililogeuzwa. Sijawahi kusikia mila hiyo kabla wala baada ya siku ile. Lakini Okeyo, ambaye alikuwa mvuvi na mtu wa maneno machache, alikuwa ameketi pembeni akichonga kasia.

"Anashona nyavu zangu," akasema bila kuinua macho. "Nati moja itamshinda?"

Ikawa hivyo. Nilimfundisha Peres na majirani zake wawili. Hakujua kusoma, kwa hivyo kitabu cha maelekezo chenye kurasa arubaini nilikiacha ndani ya gari, nikatandika gunia. Alivaa suruali ya mumewe chini ya leso ili aweze kuchuchumaa bila kujifikiria. Mara ya kwanza walimaliza asubuhi nzima. Mara ya tatu walimaliza kabla chai haijachemka, na maji yalipotoka wale wawili walikumbatiana, lakini Peres alibaki ameinamisha sikio, akiisikiliza. Kisha akacheka. "Imepona," akasema.

Kwa miaka sita pampu ya Kamgero haikufa hata siku tatu mfululizo. Ofisini wakubwa waliuliza siri yake ni nini, Mzee Gathogo akawaambia ni udongo mzuri wa huko. Baadaye aliona aibu, akawaambia ukweli. Tulianza kufundisha wanawake vijiji vingine, na mimi nikawa nazunguka ufuo mzima na gunia langu.

Halafu ikaja miaka ya tisini, na mambo mawili yakaanguka Kamgero karibu pamoja. La kwanza, Okeyo alifariki kwa kifua kilichomsumbua mwaka mzima. Miaka ile kila boma lilikuwa linazika. La pili, magugu maji yaliingia ziwani. Ninyi mmezaliwa mkiyakuta, hamjui yalivyokuja. Ulikuwa ukilala na ziwa, ukiamka na shamba. Mitumbwi ya ufuo wa Dunga ilinasa ndani yake kama nzi kwenye uji, na huko Kamgero mwanamke aliyetaka maji ya ziwa aliingia hadi kifuani, akisukuma majani kwa mkono mmoja, bila kuona anachokanyaga.

Baada ya maziko, Mzee Otiato alitaka Peres arithiwe na mmoja wa ndugu wa mumewe, kama desturi ilivyodai. Peres alikataa. Alisema hivyo waziwazi, mbele ya wazee, bila kumtukana mtu.

"Nimemuuguza Okeyo mwaka mzima. Ninalolijua nimelijua. Sitaki kumpa mtu ugonjwa, wala kupewa."

Tangu hapo ikasemwa kwamba mkono wake una chira, ile laana inayokondesha watu mpaka wafe, na kwamba kitu cha watu wote hakiwezi kushikwa na mjane ambaye hajatimiza desturi. Mzee Otiato alikwenda akachukua kisanduku cha spana nyumbani kwa Peres, akakifungia chumbani mwake. Akasema pia kwamba mwaka ukiisha, mwanamke huyo arudi kwao alikozaliwa. Na nyumba aliijenga yeye na mumewe, na shamba la nyuma ni yeye aliyeling'oa visiki.

Pampu ilianza kukohoa miezi kadhaa baadaye. Wale majirani wawili wakaogopa kuigusa. Ikafa.

Peres alikuja Kisumu na gunia la omena, dagaa wa ziwani, la kuuza soko la Kibuye, akalipitisha karakana kwanza. Nilimkuta ameketi juu yake getini. Hakulia. Aliniambia habari zote kama mtu anayetoa ripoti, kisha akasema, "Watoto wawili wameshikwa na tumbo la kipindupindu wiki hii. Nipe mpira mpya na unikopeshe zana."

Mpira nilikuwa na ruhusa ya kumpa. Ruhusa ya zana sikuwa nayo. Kanuni ilisema kila kijiji kina seti moja, na seti ya Kamgero ilikuwa salama kabisa chini ya kitanda cha mwenyekiti. Nilimwambia twende mtaa wa Migosi kwa Mzee Gathogo, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu.

Mzee alitupokea na vikombe vya chai. Alisikiliza mpaka mwisho, mimi nikimtafsiria maneno ya Peres. Kisha akaomba chaki kutoka begi la shule la mjukuu, akapiga magoti, akaanza kuchora kwenye sakafu ya sebule.

"Spana unanunua yoyote ya saizi hii," akasema. "Lakini kile cha muhimu ni hii ndoano ya kuvua valvu ya chini, au chuma kikianguka ndani ya bomba. Hii haiuzwi. Hii unachongewa. Mwambie apime na shibiri yake mwenyewe, asipime na yangu."

Mke wake alitoka jikoni akaona sakafu. "Baba Wanjiku, hiyo sakafu nimepiga deki sasa hivi."

"Ni kazi ya serikali," akamjibu, mtu aliyestaafu.

Peres alipiga magoti upande wa pili wa mchoro. Alipima kwa shibiri, akapima tena kwa vidole, akafunga mafundo kwenye uzi wa nyavu aliokuwa nao mfukoni. Alasiri ile ile tulikuwa Kibuye, kwa mfua vyuma anayetengeneza majembe na vichomeo. Peres alimpa uzi wenye mafundo, akamsimamia. Mara mbili mfua vyuma alisema imetosha, mara mbili Peres alisema kulabu imekaa wazi mno. Alitoka pale na ndoano yake mwenyewe, bado ina joto. Niliwaza kwamba nimefanya kazi zaidi ya miaka kumi na sijawahi kumiliki zana niliyochongewa kwa kipimo cha mkono wangu.

Jumamosi nilikwenda Kamgero. Nilimwambia dereva aandike kwenye kitabu cha safari kwamba ninakagua, na nilikuwa nakagua kweli.

Wanawake walikuwa wamejaa. Walisimama mbali kidogo na Peres, lakini walikuja na mitungi, na mtu hatembei na mtungi kama hana matumaini. Mama Dorka, mama mzazi wa Otiato na Okeyo, alikuwa ameletewa kigoda. Alikuwa mzee sana, anaona kwa jicho moja. Peres alitandika gunia, akafungua kichwa cha pampu, akaanza kuvuta vyuma. Kimoja, viwili, vitatu. Alikuwa amevilaza vyote kumi, na mpira wa zamani uliochakaa uko mkononi mwake, wakati Mzee Otiato alipofika na naibu wa chifu, kijana aliyeitwa Ochola.

"Simamisha hiyo kazi," Otiato akasema. "Nani amemruhusu mwanamke huyu? Haya ndiyo mambo ya Beijing tunayosikia kwa redio."

Mwaka huo redio ilikuwa imejaa habari za wanawake wa dunia nzima waliokuwa wamekutana huko.

"Beijing sijui iko wapi, shemeji," Peres akasema. "Mimi nimetoka pale kwenye nyumba ya ndugu yako."

Naibu wa chifu alinigeukia mimi, maana nilikuwa na ovaroli ya serikali. Nilimwambia mimi ni mkaguzi tu leo. Fundi wa hapa ni Peres. Ochola alijikuna shavu. Alikuwa mgeni kazini na hakutaka kugombana na wazee. Akasema kazi isimame mpaka baraza la Alhamisi.

Nilitegemea Peres abishane. Aliweka mpira mpya mahali pake kwenye chuma cha chini, akafuta mikono, akasema, "Sawa. Nimeacha." Akaenda akaketi kwenye nyasi.

Kisima kilibaki wazi, vyuma viko nje. Otiato aliona aibu ya jambo hilo. Akamwita mpwa wake, mwanamume mzima mwenye kifua kipana, akamwambia avirudishe vyuma chini, haiwezi kuwa kazi ngumu kama wanawake wanaiweza. Yule bwana alishusha cha kwanza vizuri. Akaunganisha cha pili. Alipokuwa anaunganisha cha tatu, aliviachia vile viwili vya chini kabla kulabu haijashika.

Tulisikia vikishuka ndani ya bomba, kwa muda mrefu, kisha mlio mdogo chini kabisa. Mama mmoja alishusha mtungi wake kichwani, polepole, akauweka ubavu chini kama mtu anayelaza maiti.

Naibu wa chifu aliniuliza, "Mama, wewe unaweza kuvitoa?"

Niwaambie ukweli, nilikuwa naweza. Lakini moyo wangu ulikuwa unapiga kwa furaha ya ajabu ambayo sikujua niiweke wapi, na nikasema, "Ndoano ya kutolea si yangu. Ni yake."

Watu wote wakageuka kumtazama Peres pale kwenye nyasi. Hakuinuka.

"Mnamwita nani?" akauliza. "Mnamwita fundi, au mnamwita mjane mwenye mkono wa chira?"

"Toa vyuma kwanza," Otiato akasema. "Maneno baadaye."

"Miezi minane nimeambiwa maneno baadaye. Leo yatangulie. Mbele ya naibu wa chifu na mbele ya hawa wote, nijibiwe: mimi ni wa boma hili, au si wa boma hili? Kama si wa boma hili, nachukua ndoano yangu naenda kwetu, na kule nako kuna pampu."

Otiato aliposema, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mnafikiri mimi ni mbaya. Nimezika ndugu watatu. Mimi naogopa."

"Hata mimi nimezika, shemeji," Peres akasema. "Tumezika mtu mmoja, mimi na wewe."

Hapo ndipo Mama Dorka alipogonga fimbo yake chini. Hakupaza sauti, watu walisogea kumsikia.

"Otiato, nilikuzaa wewe, nikamzaa Okeyo. Siku huyu alipoolewa, ni mimi niliyempokea mlangoni, si wewe. Nyumba yake iko pale Okeyo alipoijenga, na itakaa pale. Hatarithiwa kama hataki. Na asiyetaka kunywa maji ya mkono wake," akanyoosha fimbo kuelekea kwenye yale majani ya kijani yasiyo na mwisho, "ziwa lile pale."

Naibu wa chifu aliuliza kama kuna mwenye neno lingine. Wanawake hawakusubiri, mmoja baada ya mwingine walipita, wakaweka mitungi yao kwenye mstari kuanzia miguuni pa Peres. Hiyo ndiyo ilikuwa kura yao. Ochola akatoa daftari, akaandika kwamba Peres Adoyo ni mwenyeji wa boma lile na ndiye fundi wa pampu, akamsomea kila mtu kwa sauti. Otiato aliweka kidole mfukoni mwa koti, akatoa ufunguo wa kisanduku, akampa Peres.

Peres alifunga ndoano kwenye kamba, akaishusha. Alifumba macho. Nimeona madaktari wakimpapasa mgonjwa tumbo kwa makini kidogo kuliko vile. Ilipita, ikakosa. Ikapita tena, ikakosa. Mara ya tano mkono wake ulisimama, akageuza kamba kidogo kuelekea kushoto, akavuta. Chuma cha juu kikatokea, na cha pili chini yake, vimeshikana.

Akavirudisha vyote kumi, akafunga kichwa, akanitazama. Nilitikisa kichwa, sikutaka kushika mkono wa pampu ile. Akaanza kupampu. Pampu ikiwa imefunguliwa hivyo, maji huchukua muda kupanda. Wanawake walihesabu kwa sauti. Kumi, hakuna. Ishirini, hewa tu. Thelathini. Mimi, niliyefunga pampu nyingi kuliko nywele zangu, nilikuwa nimeshika mdomo. Kwenye thelathini na nane ilipiga chafya, ikatema kutu, kisha maji yakaja yakijaza mdomo wote wa bomba, na vigelegele vilivyopigwa pale nadhani walivisikia ng'ambo ya ghuba.

Mzee Otiato alimwomba Peres ampishe. Alivua koti, akashika mkono wa pampu, akampampia mama yake kikombe. Alikijaza, akaonja yeye kwanza, kisha akampelekea.

Sikusubiri Alhamisi, lakini niliambiwa baraza lilichukua muda mfupi. Waliuliza wanawake wangapi waingie kwenye kamati, wakajibiwa kwamba kamati iko pale kwenye foleni, wachague tu. Suala la Peres kuondoka halikutajwa tena, siku ile wala miaka iliyofuata. Alibaki kwenye nyumba yake, akalea wanawe, na wajane wengine wawili wa ufuo ule walikataa kurithiwa wakitaja jina lake. Na alianza kufundisha. Mwanzoni nilimchukua na gari letu. Baadaye hakungoja gari. Alibeba gunia lake na ndoano yake, akaingia kijiji hiki, akatoka kile.

Nitawaambia siku moja zaidi, kisha niwaache mrudi kazini. Ilikuwa kuelekea mwisho wa miaka ya tisini. Barua ilifika ofisini kutoka kijiji kimoja cha Asembo ikisema pampu imekufa. Barua yenyewe ilikuwa imechukua wiki mbili njiani. Nilipofika na gari, na vipuri, na wasaidizi wawili, nilikuta wanawake wawili wanafunga nati ya mwisho. Sikuwajua hata mmoja. Mdogo alikuwa na miaka kama ishirini na mbili, na mtoto mgongoni.

"Mmetoka ofisi ya Kisumu?" akauliza. "Poleni na safari. Imepona tangu asubuhi, tulikuwa tunakaza tu."

Alinipa maji kwenye kikombe cha bati. Kisha, akiona nimevaa ovaroli na nimesimama tu, alidhani nahitaji msaada. Akanieleza, kwa subira, jinsi mpira unavyoliwa, jinsi ya kuisikiliza pampu kabla haijafa, na kwa nini kila kitu kinalazwa kwenye gunia kimoja nyuma ya kingine. Wasaidizi wangu walitaka kumkatiza. Niliwazuia kwa jicho. Nilisikiliza mpaka mwisho, nikauliza maswali mawili, na akanijibu yote sawasawa.

"Mama, usione haya," akaniambia tulipokuwa tunaagana. "Hata sisi tulikuwa hatujui. Kama unataka kujifunza, Jumatatu tunaanza darasa lingine hapa hapa. Njoo na leso tu."

Nilimwambia nitajitahidi. Jumatatu nilichukua siku ya likizo, nikaenda, nikakaa mstari wa nyuma.